Dada Gunnvor Hapiki Vafla Mwaka Huu

Kalvholmen, 14 Agosti

Mdogo wangu Eilert,

Natumaini barua hii itakukuta umetulia, ingawa nakujua tangu siku uliyozaliwa na sioni kwa nini iwe hivyo. Sisi huku wazima. Viazi vimetoka vidogo lakini vitamu. Shangazi Borghild amewekewa nyonga mpya, na sasa anapita mbele ya nyumba yangu mara mbili kwa siku bila fimbo, ili mradi nimwone. Kondoo wa jirani wamekula kabichi zangu. Jirani anasema ni upepo.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu Pasaka ulinikatia simu nikiwa katikati ya sentensi. Karatasi haina kitufe cha kukata. Utanisoma mpaka mwisho.

Sasa neno lenyewe. Unajua kila mwisho wa Novemba tunafanya mashindano ya gemu pale ukumbini: visiwa sita, timu sita, watu watano kwa timu, kila mtu na kompyuta yake kwapani. Na unajua mimi huwa nafanya nini. Napika vafla, ile mikate laini ya mirabamiraba. Miaka arobaini na tatu, Eilert! Mkutano wa wavuvi, Gunnvor na kikaango chake. Siku ya taifa, Gunnvor na kikaango chake. Siku tuliyomzika baba nilitoka makaburini moja kwa moja nikaenda kukoroga unga, watu wakasema, “Pole sana, na je, jamu ipo?”

Tangu nilipostaafu uuguzi nimekuwa nikicheza lile gemu la kuteka ngome kila siku baada ya taarifa ya habari, na bila kujisifu, nina shabaha. Asbjørn, yule fundi mstaafu wa kivuko, ndiye nahodha wa timu yetu, na ameniambia nafasi ya tano ni yangu. Tatizo ni kompyuta. Hii niliyo nayo iliumbwa kwa kusomea barua za benki. Adui akitokea, picha inaganda. Ikizinduka, mimi nimeshakufa, na wenzangu wamemaliza matanga.

Hjørdis, mwenyekiti wa chama cha kina mama, ndiye mwenye daftari la zamu za upishi. Juzi dukani, mbele ya watu, kaniambia: “Gunnvor, orodha naifunga tarehe ishirini Novemba. Huna mashine, una kikaango. Chagua mwenyewe.”

Nimechagua. Nina kroni elfu kumi na mbili, hazizidi hata moja. Wewe unajua mambo haya, una mashine yako na umewahi kuigombania na dunia nzima. Niambie ninunue nini.

Dada yako,
Gunnvor


Trondheim, 25 Agosti

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenikuta nina hasira, lakini si juu yako. Baraza la jiji linataka kuifunga maktaba ya mtaa wetu siku za Jumamosi. Nimeandika makala mbili gazetini: ya kwanza waliifupisha, ya pili ilihusu kufupishwa kwa ya kwanza. Paka wangu Trulte amepona jicho. Darasa langu la watu wazima lina wanafunzi tisa, na wanne kati yao wanakuja kwa sababu pana joto.

Umefanya vyema kuniuliza. Kwanza, usimsikilize muuzaji! Muuzaji wa kompyuta ni mhubiri wa dini yenye sadaka nyingi na isiyo na pepo. Atakuonyesha kasha lenye taa za rangi saba. Muulize: taa hizi zinalenga shabaha? Zinakimbia? Haziwezi. Zinawaka tu, kama diwani wa jiji.

Pili, mizani. Hapo ndipo taifa zima linapopotea. Mtu ana pesa kidogo, anazimwaga zote kwenye kadi ya picha kwa sababu jina lake ndilo jirani atakalolisikia, kisha anainunulia prosesa ya kuokota. Wewe umekulia kwenye makasia, utanielewa. Weka jitu la miraba minne kasia la kulia, na mgonjwa kasia la kushoto. Mtaenda wapi? Mtazunguka palepale mpaka mtapike. Kadi ya picha ndiyo inayochora unachokiona. Prosesa ndiyo inayoiambia ichore nini. Mmoja akimzidi mwenzake sana, umemlipa mshahara mtu wa kusubiri.

Kwa hiyo andika. Kadi ya picha ya daraja la kati, elfu nne na mia tano. Prosesa ya daraja hilohilo, elfu mbili na mia mbili. Ubao mama, ambao vyote hukaa juu yake, elfu moja na mia tano. Kumbukumbu, elfu moja na mia moja. Diski, mia nane. Pawa saplai, inayogawa umeme, elfu moja, na hapo usibanie hata senti, kwa maana pawa saplai ya bei ya karanga ikifa haifi peke yake, inakufa na ukoo mzima. Kasha la bati la mia saba, jeusi, lisilo na majivuno. Jumla elfu kumi na moja na mia nane. Mia mbili zinazobaki kula jibini.

Umeona sijaweka feni za ziada wala mitambo ya kupozea? Makusudi. Hao wanaotuuzia baridi sisi watu wa Kaskazini wangeweza kumuuzia chewa maji. Wewe una dirisha la chumba cha kaskazini. Iweke mashine chini yake, lifungue upana wa kiganja kimoja, na Mwenyezi Mungu atapoza bure.

Mashua ya baba umeipaka lami? Hukuitaja. Mwaka jana nilikuambia ipakwe kabla ya Septemba. Na hizo elfu kumi na mbili za mstaafu zimetoka wapi?

Mdogo wako,
Eilert


Kalvholmen, 16 Septemba

Mdogo wangu Eilert,

Marahaba. Huku hatujambo. Hali ya hewa ni nzuri mno. Matunda ya kinamasi yamekuwa mengi mwaka huu, nimejaza mitungi kumi na moja. Shangazi Borghild sasa anapita mara tatu.

Nilikwenda Bodø kwa kivuko cha asubuhi na karatasi yako mkononi. Muuzaji ni kijana wa ndevu mbili tatu. Akaniuliza, “Mama, ni zawadi ya mjukuu?” Nikamwambia, “Sina mjukuu, nina maadui.” Baada ya hapo tulielewana. Alijaribu kunionyesha kasha lenye taa. Nakiri kwako kwamba lilikuwa zuri, Eilert, jekundu kama jiko la jirani usiku wa baridi, nikasimama mbele yake kitambo kirefu kuliko ilivyohitajika. Lakini nilinunua lile bati lako.

Tuliiunga na Asbjørn juu ya meza ya jikoni. Asbjørn amefungua injini za meli miaka thelathini na nane, lakini ile prosesa aliirudisha mezani mara tatu. Mimi nimeshona watu, niliipachika mara moja. Tulipowasha, kimya. Tukazima, tukawasha, kimya. Asbjørn akaanza kulaani viwanda vya bara Asia kimojakimoja. Kisha nikaona waya wa ukutani bado uko kwenye birika la kahawa.

Sasa inakwenda kama upepo! Jana usiku tulifanya mazoezi. Nimeua kumi na wanne. Wawili walikuwa wa timu yetu, lakini Asbjørn anasema mmoja wao alistahili. Inakaa chini ya dirisha kama ulivyosema, kiganja kimoja, na haipati joto hata kidogo. Hjørdis alikuja kutazama, akasimama nyuma yangu, akasema, “Haya. Jina lako liko kwenye timu. Lakini karatasi ni karatasi, tarehe ishirini ni tarehe ishirini.”

Dada yako mwenye furaha,
Gunnvor


Trondheim, 28 Septemba

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, na hongera. Sishangai. Watu hushangaa hoja inaposhinda kwa sababu hawajazoea kuwa na hoja. Nimelieleza darasa langu habari ya dirisha la kaskazini, na wawili waliandika. Nimepeleka pia makala gazetini: “Baridi Yetu Wenyewe.” Wameifupisha.

Maktaba itafungwa Jumamosi. Nimeshindwa kwa kura moja, ya mtu ambaye hajaonekana maktabani tangu kanisa lilipojengwa.

Naona umeniandikia ukurasa mzima wa hali ya hewa na matunda. Nakuuliza mara ya pili: mashua ya baba. Imepakwa lami? Imefunikwa? Panya hawajaingia? Baba aliijenga kwa mikono yake, na mimi ndiye niliyemshikia ubao wa kwanza. Nitakuja majira ya kuchipua kuitia majini.

Mdogo wako,
Eilert


Kalvholmen, 24 Oktoba

Eilert,

Sijambo, na Borghild hajambo. Salamu zimeishia hapo.

Mashine imekufa.

Dhoruba ya kutoka kaskazini ilipiga siku tatu. Siku ya nne nikawasha, ikalia kama bata na kunyamaza. Asbjørn akaja, tukafungua lile bati. Kadi ya picha imeota kitu cheupe na kijani, kile kile kinachoota kwenye bawaba za banda la mashua. Niliweka ulimi. Chumvi. Wiki sita feni zimekuwa zikinywa bahari kupitia dirisha lako la Mwenyezi Mungu.

Asbjørn amesafisha vingine kwa pombe kali na mswaki, na anadhani vitapona, kwa sababu kadi ndiyo iliyokaa karibu na dirisha na kuvikinga. Yenyewe haifufuki. Muuzaji wa Bodø aliuliza neno moja tu: “Ilikaa wapi, mama?” Nilipomwambia, alinitakia siku njema kwa adabu. Dhamana hakuna.

Utasema, na wewe dada, si unakaa huko, hukujua? Nilijua. Nilisimama mbele ya dirisha nikafikiri, “Chumvi.” Kisha nikafikiri, “Lakini Eilert amesoma.” Hilo ndilo kosa langu, na silirudii. Lakini wewe! Mtoto wa Kalvholmen, uliyelambwa na bahari kabla ya kulambwa na mama, umesahau chumvi. Mwacha asili ni mtumwa, walisema. Wewe umekuwa mtumwa wa hita ya umeme.

Hjørdis ameniandika kwenye daftari la zamu. Kwa penseli, lakini kaniandika. “Jumamosi, saa nne hadi saa kumi, Gunnvor: kikaango cha kwanza.” Nilipoona jina langu pale, Eilert, niliondoka bila kuaga. Nimeshika wagonjwa mikono wakifa na sikuwahi kuondoka bila kuaga.

Na kwa kuwa umeuliza mara mbili. Mashua nimeiuza, Julai, kwa mwalimu mmoja wa Sandnessjøen. Aliitia majini siku hiyohiyo. Ilikuwa imekaa bandani miaka kumi na moja ikikungoja majira ya kuchipua. Kroni elfu ishirini na nne. Nusu yangu ilikuwa kompyuta. Nusu yako iko benki, sijaigusa.

Gunnvor


Trondheim, 30 Oktoba

Gunnvor,

Barua imefika. Nitajibu nikiwa na uwezo wa kuandika kitu ambacho gazeti lingekubali kukichapa.

E.


Trondheim, 5 Novemba

Dada,

Huku ni mvua. Trulte anakohoa.

Kuhusu mashua nimeandika kurasa tisa. Zina sheria ya mirathi, zina historia ya ujenzi wa mashua pwani yetu, na zina maneno fulani juu ya walimu wa Sandnessjøen. Nimezisoma mara mbili na kila hoja imesimama. Zipo mezani. Sikutumii.

Kuhusu dirisha, nataka ieleweke kwamba kanuni ya kutumia baridi ya asili ni sahihi, na kwamba watengenezaji wa kadi hizi wangeweza, kama wangejali watu badala ya faida, kuzipaka kinga ya chumvi kwa gharama ya kikombe cha kahawa. Nitaliandikia hilo makala.

Ndani ya sanduku hili utakuta kadi ya picha. Nimeipata mahali. Ni nzuri kuliko ile. Usiulize.

Eilert


Kalvholmen, 11 Novemba

Mdogo wangu Eilert,

Salamu nyingi kutoka kwa wote. Nimeona barua mbili mfululizo hazina shikamoo. Nimezipokea hivyohivyo, maana mwenye hasira naye ana haki ya kusahau adabu, mara mbili. Ya tatu nitakuja huko mwenyewe.

Sanduku limefika. Asbjørn alidhani umenitumia samaki. Kadi ni ndefu kama mkono wangu kutoka kiwikoni, na uzito wake nilipima kwenye mizani ya jikoni: kilo moja na robo. Haiingii katika bati langu. Hata tungelikata bati, ile pawa saplai yako ya elfu moja haiwezi kuilisha. Asbjørn alisoma karatasi yake akapiga mluzi.

Kisha nikachukua kibano nikatoa manyoya kwenye feni zake. Ya rangi ya chungwa, na meupe. “Nimeipata mahali.” Mahali hapo pana paka anayekohoa.

Hii ni kadi yako, Eilert. Umeing'oa kwenye mashine yako mwenyewe, na sasa unakaa jioni unatazama skrini nyeusi na kuiambia dunia kwamba unasoma vitabu. Na nimekumbuka jambo jingine. Prosesa yako ni ileile ya mwaka uliopata talaka, ulinilalamikia mwenyewe. Kadi kama hii juu ya prosesa kama ile! Ulinihubiria makasia kurasa mbili, na nyumbani kwako umemfunga tembo kwenye banda la mbuzi. Mganga hajigangi! Nilicheka mpaka Asbjørn akaniletea maji.

Lakini sichukui. Nairudisha kesho kwa kivuko. Nilikusikiliza kuhusu dirisha na ulikosea, nakusikiliza kuhusu mizani na hukukosea: kikubwa kisichokaa mahali pake si msaada. Nami sitaki kukaa nikiwaza kwamba wewe umeacha kucheza ili mimi nicheze.

Zimebaki siku tisa. Posta yetu, unajua, huja leo na kupumzika kesho. Nimemwambia Hjørdis anoe penseli yake.

Dada yako,
Gunnvor


Trondheim, 15 Novemba

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo, shikamoo. Tatu, tumelipana.

Hii naiandika nimesimama, dukani, juu ya kaunta, na mwenye duka ananitazama kwa sababu nimemwambia maoni yangu kuhusu taa zake. Kadi iliyomo humu ni ya daraja la kati, ndugu kamili wa ile iliyokufa. Elfu nne na mia tano. Zitoe kwenye nusu yangu ya mashua. Nimeuliza urefu wake, nimeuliza inakula umeme kiasi gani, nimepima kwa rula mwenyewe. Inaingia.

Siiamini posta. Nimeongea na dereva wa basi la pwani, ataikabidhi kwa mtu wa kivuko, na mtu wa kivuko ni mpwa wa Asbjørn, au alikuwa. Iweke mashine upande wa kusini, nyuma ya jiko lisilowashwa, dirisha limefungwa.

Huyo mwalimu, anaipiga makasia au ana injini? Usinijibu. Nijibu.

Chumvi niliisahau. Niliketi nikajaribu kukumbuka ladha yake kwenye midomo baada ya dhoruba, sikuipata. Miaka ishirini na saba nimekuwa nikiwaambia watu wa jiji hili kwamba mimi ni mtu wa pwani. Nilikosea, Gunnvor. Liweke hilo neno mahali pakavu, sijui kama nitaliandika tena.

Mdogo wako,
Eilert


Kalvholmen, 1 Desemba

Mdogo wangu Eilert,

Marahaba, mara zote tatu. Sote wazima, ila sauti imenikauka na kidole cha shahada kimevimba. Borghild amekuwa shabiki wetu mkuu na amegombana na kisiwa kizima cha pili. Mwalimu anapiga makasia. Jioni zote zisizo na upepo. Vizuri.

Kadi ilishuka kwenye kivuko tarehe kumi na tisa saa tisa alasiri. Saa kumi na moja ilikuwa inachora. Saa kumi na mbili nilimpelekea Hjørdis mashine yote mikononi, nikaiweka juu ya daftari lake. Akasema, “Ondoa bati lako, siwezi kufuta jina nisiloliona.” Nikaondoa. Akafuta, akapuliza vumbi la kifutio, akauliza, “Sasa nani?” Nikamwambia, “Hjørdis, kisiwa hiki kina watu mia mbili na kumi, na wote wana mikono.” Alinitazama kana kwamba nimemtukania mama.

Sasa mashindano. Nataka usikie kwangu kabla hujasikia kwa watu: tumekuwa wa sita. Timu ni sita. Nimekufa mara thelathini na moja. Ile shabaha yangu ilikuwa ya kuwapiga wageni wa mbali wasionijua. Nilipokaa meta tatu kutoka kwa tarishi wa kisiwa cha Lånan, mtu niliyemzalisha mkewe, nilisita kila mara, naye hakusita hata mara moja. Mashine haikuganda. Kila kifo nilikiona vizuri sana, kwa rangi zote.

Jumamosi mchana, raundi ya nne, tulikuwa tunalinda ngome ya mwisho. Nilikuwa mimi peke yangu niliyebaki hai, jambo la kwanza na la mwisho siku hiyo. Ukumbi umekuja juu, Asbjørn anapiga kelele, “Kushoto, mama, kushoto!” Nikahisi mtu kasimama pembeni. Hjørdis. Aproni imejaa unga hadi kwenye nyusi, kiganja kimefungwa kitambaa kwa sababu kikaango kimemuunguza. Aliweka sahani kando ya kibodi yangu: vafla moja, jamu, kipande cha jibini la kahawia. Kisha akasema, “Kula. Una mechi.”

Miaka arobaini na tatu, Eilert, na sikuwahi kuletewa. Ilikuwa mbichi katikati. Ilikuwa imeungua pembeni na mbichi katikati, jambo ambalo sikujua hata kama linawezekana. Nilishika kipanya kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto nikaila yote, nikilia machozi mbele ya visiwa sita, na nikamuua yule tarishi.

Dada yako,
Gunnvor